Sakafu ya Bujiku

Jumatatu, 4 Novemba

Mvua ya kwanza ya maana imepiga leo, Katoro nzima ikanuka vumbi lililolowa. Mama mkwe alikuwa anatoka chumbani kwenda kuitazama, akajikwaa mlangoni. Hakuanguka, alidaka fremu. Lakini alitamka maneno ya Kisukuma ambayo tangu niolewe hakuna aliyekubali kunitafsiria.

Kumbe kuna shimo, ukubwa wa kisahani cha chai. Pembeni yake mengine mawili, kama vifuniko vya soda. Sakafu hii aliimwaga marehemu mume wangu, Bujiku, mwaka tuliohamia. Mchanga niliubeba mimi kichwani kutoka mwaloni, pale alipokuwa anaoshea mawe ya dhahabu. Ni yale marudio, mchanga ambao wakishauosha wanauacha umelala vilima vilima. Ulikuwa wa bure, na mchanga wa mtoni ulikuwa na mwenyewe. Saruji ikiwa bado mbichi, Bujiku alikumbuka amesahau pimamaji ndani, akaingia hatua moja kuichukua. Kisigino chake kipo hadi leo katikati ya sebule. Alitaka kukifuta, nikakataa. Nilimwambia nyumba lazima iwe na sahihi ya mwenyewe.

Mashimo nimeyaziba mimi. Nimechonga kingo kwa tindo mpaka zikasimama wima, nikatoa vumbi, nikamwagia maji, nikapaka urojo wa saruji, ndipo nikajaza. Mchanga safari hii ni wa mtoni, nimeuomba kwa jirani anayejenga. Juu nimelainisha kwa niru ya saruji, nikafunika kwa gunia bichi na kukataza kila mtu kukanyaga. Kila mtu maana yake ni mama mkwe. Mwamvua, muuza dagaa aliyepanga chumba cha mbele. Na shemeji Maduhu, mdogo wake Bujiku, aliyekuja kupumzika wiki mbili baada ya duara lake, shimo la dhahabu, kule Geita kujaa maji. Alikuja Agosti.

Jumanne, 5 Novemba

Nimelowesha gunia.

Jumatano, 6 Novemba

Nimelowesha gunia asubuhi. Jioni amelilowesha Maduhu bila kutumwa. Nimemwongezea ugali.

Jumapili, 10 Novemba

Nimetoka kanisani nikakuta shimo jipya chini ya kabati la vyombo. Pembeni alikuwa amesimama yule kuku wangu mweusi, anatazama kando kama mtu aliyeulizwa swali na mwenyekiti wa mtaa. Nimemwonya.

Jumanne, 12 Novemba

Kuku nimemchinja.

Jumatano, 13 Novemba

Shimo jingine.

Jumamosi, 16 Novemba

Nimemwita Gregory, fundi sakafu wa barabara ya sokoni. Kapiga magoti, kagonga hapa na pale kwa kishikio cha mwiko, katikisa kichwa. Akasema sakafu imezeeka, dawa yake ni kuibomoa yote na kumwaga upya. Fundi hajawahi kuniambia kitu kingine tofauti na hicho, hata nilipomwita kwa ajili ya mlango.

Alipoondoka nami nikapiga magoti. Sakafu inayokufa hujikatakata, inaacha makombo, ukifagia unasikia yanakwaruza. Mimi ndiye ninayefagia nyumba hii na sijaona kombo hata moja. Halafu kingo za mashimo ni kali. Shimo la uzee lina kingo za mviringo, kama fizi. Haya yana meno.

Nimeziba. Nimelowesha gunia.

Alhamisi, 21 Novemba

Kisamvu cha leo kilikuwa na mchanga. Mama mkwe alitafuna mara mbili, akaacha, akauliza kwa upole kama tumehamia mwaloni. Nikamtazama Mwamvua, maana ndiye aliyeazima kinu changu juzi. Akaapa kwa Mungu wake kwamba alitwanga karanga tu. Akasema, "Mama Edson, mimi nikitaka kukulisha mchanga ningeutia kwenye dagaa, huko wameshauzoea."

Maduhu hakucheka. Kinywa chake huchekea hata matangazo ya vifo redioni. Leo alikuwa anatazama sahani yake.

Ijumaa, 22 Novemba

Maduhu kafagia nyumba. Mwanaume mzima, mwenye mvi za ndevu, kafagia sebule, kafagia hadi chini ya kabati. Mwamvua kaniita jikoni kuja kushuhudia. Mvua haikunyesha, ingawa kwa tukio kama hilo ingestahili.

Jumanne, 26 Novemba

Leo nimejua.

Mvua ilitufukuza sokoni saa sita, nikafunika nyanya zangu nikarudi. Mama mkwe alikuwa amelala. Nikasikia sauti nyuma ya nyumba, chini ya bati la jiko. Kinu kinatwangwa, tena polepole, kama mwizi anayekohoa. Nikazunguka ukuta.

Maduhu alikuwa amechuchumaa. Mbele yake kinu changu. Pembeni karai langu la kufulia lina maji mekundu, naye analizungusha taratibu, anamwaga kidogo, anazungusha, anamwaga. Kando yake vipande vya sakafu yangu vimepangwa kwenye mfuko wa rambo, safi kama nyama ya kupimia.

Aliponiona hakushtuka. Ningependa angeshtuka. Aliinua karai, akanielekezea kwa mwanga. Kwenye ukingo wa tope jeusi palikuwa na ukope wa manjano. Ukiupumulia unapotea.

Akasema kwa sauti ya kanisani, "Shemeji, tumelalia mwamba."

Amekuwa akipima tangu Septemba, anasema. Kila anapochokoa ndani ya nyumba kunatoka kitu. Kwa hiyo mwamba wa dhahabu unapita chini yetu, na sakafu inaota dhahabu kutokea chini, kama ukuta unavyopanda unyevu. Miaka yote aliyotumia mashimoni, hilo ndilo alilojifunza.

Mimi nilijua pale pale ilikotoka. Ilitoka kichwani kwangu, ndani ya ndoo. Ile ni dhahabu iliyowaponyoka wenye mwalo mwaka ule, Bujiku akaichanganya na saruji. Nilifungua mdomo nimwambie, nikaufunga. Nikisema imo kwenye mchanga, sakafu yote inaondoka kesho asubuhi. Nikinyamaza, atabaki kuota mwamba, na kuota hakubomoi nyumba. Ndivyo nilivyofikiri.

Nikamwambia karai langu alisuuze vizuri.

Ijumaa, 29 Novemba

Nilifikiri vibaya. Maduhu kasogeza kitanda chake. Chumbani kwake sakafu ya katikati haipo tena, kuna duara linalomfika kiunoni, na udongo anautoa kwa ndoo kwenda kuumwaga nyuma ya choo. Mvua inaushusha hadi kwa jirani. Jirani ameuliza kama tunachimba choo kipya. Nimemjibu ndiyo.

Jumapili, 1 Desemba

Kaja mtu kutoka Geita na nyaya mbili za shaba, kaalikwa na Maduhu. Katembea nyumba nzima amezishika kama mtu anayeongoza ng'ombe wasioonekana. Nyaya zikapishana. Akatangaza kwamba mwamba unaanzia chumba cha Mwamvua, unapita sebuleni, unaishia chini ya kitanda cha mama mkwe. Unapinda mara mbili ili usiguse choo. Nimeushukuru kwa adabu yake.

Mama mkwe hakumwelewa yule bwana. Nikamweleza. Akasema sakafu hii haikumpenda tangu siku ya kwanza, ni baridi na haina huruma na magoti. Kwao walisiriba kwa mavi ya ng'ombe na udongo, na mtu akianguka anaanguka kwake. Maduhu akalichukua hilo kama ruhusa.

Jumanne, 3 Desemba

Kuna ufa.

Umeanza kwenye kona ya chumba cha mama mkwe, juu ya kitanda chake, kwenye ukuta unaopakana na chumba cha Maduhu. Ni mwembamba, unapitisha unywele tu. Nimechora mstari wa mkaa pale unapoishia.

Ukuta huu ni wa tofali za kuchoma zilizojengwa kwa tope. Saruji iko nje tu, kwa heshima. Msingi wake haufiki goti. Nalijua hilo kwa sababu nilisimama kwenye mtaro wake nikiwa na mimba ya Edson, nikampitishia Bujiku mawe. Shimo la Maduhu limepita usawa wa msingi na linaelekea ukutani, na mvua inanyesha kila siku.

Nikaenda chumbani kwake. Alikuwa ndani ya shimo, kichwa tu kinaonekana. Nilimweleza habari ya ufa. Akasema ataweka matimba, yaani magogo ya kuzuia udongo. Nikamwambia matimba yanazuia shimo, hayazuii nyumba. Akasema mimi sijui mambo ya duara. Nikamwambia yule bwana wa Buseresere aliyechimba chumbani kwake mwaka juzi alikuwa anayajua vizuri sana, na ukuta ulimkuta humo humo, na wanawe sasa wanalelewa na dada yake.

Akaegemea kingo za shimo. Akasema hana mke, hana nyumba, amekula vumbi tangu ana ndevu tatu, na sasa Mungu amemwekea riziki chini ya kitanda cha mama yake mzazi. Niseme mimi, kama ningekuwa yeye ningeacha?

Kwa kitambo kidogo nilimwona yeye, si shimo lake. Halafu akaharibu. Akasema, "Hii nyumba ni ya kaka yangu. Wewe ulikuja tu."

Nilitoka. Nikamwita Mwamvua, tukahamisha kitanda cha mama mkwe tukakiweka sebuleni. Miguu ya kitanda imekaa huku na huku ya kisigino cha Bujiku. Mama mkwe alilalamika kwamba sasa analala njiani kama mlinzi. Nilimwambia ndicho tunachotaka.

Jumatano, 4 Desemba

Ufa umepita mkaa.

Alhamisi, 5 Desemba

Nimechora mkaa mwingine. Nimempigia Edson, mwanangu, yuko Kambarage mjini Shinyanga anatengeneza simu za watu. Anasema nimshtaki baba mdogo serikali ya mtaa. Nimewaza hilo mchana kutwa nikiuza nyanya. Nikimshtaki, watakuja kuangalia. Wakiangalia, watajua kwa nini anachimba. Wakijua wao, hadi jioni Katoro yote inajua, na kabla ya Ijumaa watu wenye sururu watakuwa wamekaa kwenye baraza langu wanagawana vyumba. Nimeona shamba la mahindi likigeuka mji kwa uvumi mdogo kuliko huo.

Mwamvua nimemwambia ahame mpaka mvua zipungue. Anasema ataondoka ukuta ukiondoka. Lakini nimeona ameanza kulala na viatu.

Ijumaa, 6 Desemba

Ufa umefika mkaa wa pili.

Jumamosi, 7 Desemba

Imenyesha tangu alfajiri bila kupumzika. Saa nne hivi kitu kilianguka chumbani kwa Maduhu, kishindo kizito cha tope. Mama mkwe aliita jina la mwanawe kwa sauti ambayo sikujua kama bado anayo. Nilikimbia na jembe mkononi, sijui nilitaka kulima nini.

Alikuwa amekaa kando ya shimo, ametapakaa tope hadi kope. Upande wa ukutani ulikuwa umemeguka. Chini ya ukuta sasa palionekana mawe ya msingi, yale niliyompitishia Bujiku, yamebaki yananing'inia kama meno ya mzee. Maduhu alikuwa anatetemeka. Nikadhani sasa yamekwisha.

Akajifuta uso. Akasema, "Udongo umebadilika rangi. Tumekaribia."

Hapo nimeelewa kwamba woga haumtoi mtu shimoni. Kitakachomtoa ni dhahabu tu.

Jumatatu, 9 Desemba

Sikukuu ya Uhuru, watu wote nyumbani. Mvua ilipumzika asubuhi. Nimefanya kile ambacho tangu mwezi jana nimekuwa nikikikwepa.

Nimemtoa mama mkwe nje kwenye kiti. Mwamvua nimempa kazi ya kuchota maji. Nimeweka karai na kinu katikati ya uwanja. Kisha nimemwita Maduhu nikamwambia kwa adabu zote kwamba mimi ni mjinga wa mambo ya duara, anifundishe kupima, maana kama huu mwamba upo nami nataka kuchimba upande wangu. Akafurahi. Hakuna mwanaume atakayekataa kufundisha.

Nikamwambia aanze na udongo wa shimoni, ule wa chini kabisa uliobadilika rangi. Akaosha. Hakuna kitu. Akasema hilo ni la kawaida, taka hutangulia. Akaosha tena. Hakuna. Mwamvua akauliza kama kuna siku kimeonekana kitu kutoka shimoni. Maduhu akasafisha koo. Kumbe hakijawahi. Muda wote huo amekuwa anakwenda kuchokoa sakafu ili kujipa moyo.

Nikampa kipande cha sakafu cha pale mlangoni. Akatwanga, akaosha, ukope ukaonekana. "Si unaona," akasema.

Nikampa kipande cha kiraka changu. Nilikitoa kwenye shimo lile lile, palepale juu ya mwamba wake. Akatwanga, akaosha. Tope tupu. Akasema hiyo ni saruji mpya, mwamba haujaifikia. Mwamvua akamuuliza dhahabu inatembea kwa mwendo gani.

Kisha nikainuka, nikaenda na tindo hadi nyuma ya choo. Pale kuna kibao cha kufulia, Bujiku alikimwaga kwa masalia ya mchanga ule ule. Kipo mbali na nyumba, chini yake hakuna chochote ila mizizi ya mpapai. Nikamega kona. Maduhu akatwanga. Mchi ulikuwa unakwenda haraka mwanzoni, halafu ukaanza kuchelewa. Akaosha. Akazungusha karai. Akaacha kuzungusha.

Ukope ulikuwepo. Ule ule wa manjano.

Nikamwambia, "Shemeji, huo mwamba siku hizi umepita na chooni?"

Hakuna aliyecheka, hata Mwamvua. Maduhu alikaa kitako kwenye tope. Nikamweleza habari ya marudio, ndoo kwa ndoo, na nani aliyezibeba. Alimgeukia mama yake kama mtoto anayetaka aambiwe si kweli. Mama mkwe alikuwa amefumba macho, tukadhani amesinzia. Akasema akiwa vile vile: "Bujiku aliuleta. Nilimwona. Nilimwambia huo mchanga wa watu una macho." Kisha akayafungua. "Nenda kafukie, Maduhu. Nimeshazika mmoja."

Maduhu akainamisha kichwa. Lakini mimi nilikuwa namtazama macho, kwa sababu nilijua yatakwenda wapi, na yakaenda. Yakainuka taratibu kutoka kwenye karai, yakapita kizingiti, yakaingia ndani na kutulia juu ya sakafu. Sebule nzima, ukumbi, vyumba.

Sikumngoja aseme. Nikachukua nyundo nikamwekea mkononi.

"Kwanza shimo," nikasema. "Ulijaze mawe na udongo, ushindilie kila tabaka, mpaka juu. Ukuta ujengewe pale ulipomeguka. Nikigonga nikakuta pagumu, sakafu yote ni yako."

Mwamvua alinishika mkono. Nilikuwa nimeiziba sakafu ile tangu mvua zianze, kila shimo nikilipigia magoti kama ninasali. Lakini mtu halali chini ya sakafu. Analala chini ya ukuta.

Jumanne, 10 Desemba

Anafukia.

Jumatano, 11 Desemba

Anafukia. Ufa haujasogea.

Jumamosi, 14 Desemba

Anashindilia kwa gogo, na mvua inanyesha. Kila nikisikia kishindo moyo unaruka, halafu nakumbuka hiki ni kishindo cha kurudisha. Gregory kapita, kaja kujengea msingi. Kaona sakafu, kasema si alisema.

Alhamisi, 19 Desemba

Nimegonga chumba chote kwa kishikio cha mwiko, kona hadi kona. Pagumu. Ufa umebaki kwenye mkaa wa pili. Nimemwambia Maduhu aendelee na haki yake, nikaenda sokoni mapema ili nisisikie.

Jumanne, 24 Desemba

Amemaliza. Nyumba imeshuka chini, mlango umekuwa mrefu. Kila kitu kimekwenda karashani, kwenye mashine ya kusaga mawe, ndani ya viroba. Nilimkataza kuchomea zebaki jikoni kwangu, akaenda kuchomea kwa wenzake huko huko. Alirudi na kitu kwenye karatasi, punje kama ya uwele. Alituonyesha kisha akakikunja tena. Sijui alikuwa ameota nini wakati wa kuja, ila sura yake ilikuwa ya mtu aliyealikwa harusini akakuta wanaosha masufuria.

Jumatano, 25 Desemba

Tumekula Krismasi kwenye udongo mtupu. Mama mkwe amevua viatu.

Jumatatu, 6 Januari

Punje ilinunua gambuti za Maduhu na blanketi la mama yake. Nilitegemea avae hizo gambuti aondoke. Badala yake ameenda nazo nje ya mji kwa wafugaji, akarudi na kiroba cha mavi ya ng'ombe begani, asubuhi kweupe, watu wakimwona, akiwasalimia mwangaluka kama amebeba sukari. Mama mkwe alikaa kitini akitoa amri za kuchanganya. Tumesiriba chumba chake kwanza, kisha vingine. Maduhu anasiriba vibaya, anaacha mawimbi.

Tulipofika sebuleni nilikisogeza kitanda cha mama mkwe, ambacho hadi leo sikutaka kukigusa. Chini yake palikuwa na kipande cha saruji cha mraba, kimekatwa kingo zake kwa uangalifu na kuachwa. Katikati yake kisigino cha Bujiku.

Nilimtazama Maduhu. Alikuwa anasiriba kona ya mbali kabisa, amenipa mgongo, anaacha mawimbi.

"Shemeji, hapa ulisahau," nikasema.

"Hapo pana mwenyewe," akasema, hakugeuka.

Ijumaa, 10 Januari

Mvua. Ufa uko pale pale.

Jumapili, 19 Januari

Asubuhi nimekuta kishimo mlangoni, kidogo, kama kifuniko cha soda. Nilisimama juu yake muda mrefu. Maduhu alikuwa anakunywa uji, akakiona, kijiko chake kikaganda hewani, akakitua. Mwamvua akatoka chumbani, akaona tulivyo, akarudi.

Nikakaa kwenye kigoda karibu na mlango nikangoja. Hatimaye akaja. Kuku mpya, wa kijivu, niliyemnunua kabla ya mwaka kwisha. Akatazama kando, akachakura palepale mara mbili, akadonoa, akatoka nje na mambo yake.

Maduhu akarudia uji. Nimechukua udongo kidogo na mavi kidogo, nimekiziba kwa kiganja. Haikuhitaji gunia. Kuku nimemwacha.